Gesi Inayotafutwa kwa Kiberiti

Mafundi friji wa Gerezani, pale nilipojifunzia kazi, hutafuta mahali gesi inapovuja kwa kutumia kiberiti cha gesi. Fundi anawasha, anapitisha moto taratibu kwenye maungio ya mabomba ya shaba, na macho yake yote yako kwenye rangi. Moto ukigeuka kijani, hapo ndipo panapovuja. Gesi ya zamani, ile tunayoiita ishirini na mbili, haishiki moto. Ikikutana na mwali inaacha rangi hiyo tu, na harufu. Rangi inapendeza. Harufu inakwaruza koo kama umekunywa maji ya betri, inakaa kwenye mzizi wa ulimi, na jioni ukila wali unaisikia humo humo. Baadaye niliambiwa kwamba ni sumu. Pale gereji waliiita salamu ya gesi, na aliyekohoa alichekwa.

Mimi nilikohoa siku ya kwanza na sijaacha kuichukia mpaka leo.

Sikuingia gereji kwa kupenda ufundi. Mama alifariki muda mfupi baada ya baba, nikiwa kidato cha pili, na mimi ndiye mkubwa. Wadogo zangu walikuwa na umri wa kula bila kuuliza chakula kimetoka wapi. Niliacha shule, nikawa napika chai na vitumbua kwenye chumba chetu Magomeni na kuvipeleka Gerezani asubuhi. Mafundi wakiwa kazini na mikono yote miwili imejaa mafuta, waliniomba niwashikie tochi. Baada ya tochi ikaja spana. Siku moja fundi mzee aliniambia, "Binti, chai yako nyepesi lakini mkono wako mzito. Njoo ukaze hii nati." Nikakaza. Nimekaza nati tangu hapo, na kwa nati hizo wadogo zangu wamesoma, isipokuwa wa mwisho, ambaye alisema shule imemchosha akaenda kubeba mizigo Kariakoo.

Watu hudhani kazi ya baridi ni kazi safi. Wanaona barafu nyeupe wanafikiri ndani ni hospitali. Baridi haiondoi uchafu, inaunyamazisha tu. Nimefungua mafeni ya vyumba vya baridi nikakuta mafuta ya kuku yameganda kwenye mapezi ya bati yanayopoza hewa kama mshumaa, manyoya yamenasa humo, na mende waliokufa wakiwa wamekumbatiana. Nimezibua mabomba ya maji nikatoa kitu kirefu chekundu chenye kuteleza ambacho kilikuwa damu ya samaki ya miaka mingi. Nimefungua kompresa iliyoungua, mafuta yake meusi kama lami, yananuka siki na plastiki iliyochomwa, na mwenye duka amesimama nyuma yangu anauliza kama hayawezi kuchujwa yakarudishwa.

Mdogo wangu wa mwisho alipata kazi hapo hapo Kariakoo, kwenye stoo ya mama mmoja wa Kilimanjaro, mfanyabiashara wa jumla wa kuku na samaki wa kugandisha. Duka lilikuwa mbele, barabarani, linang'aa kwa vigae. Nyuma kulikuwa na vyumba vitatu vikubwa vya baridi vilivyopangana kwenye ujia mwembamba wa jengo la ghorofa, na mwisho wa ujia, juu ya jukwaa la chuma, mashine zenyewe. Kwenye mlango wa ujia huo dada mmoja alikaanga chipsi kwa mkaa. Ghorofani waliishi watu, na nguo zao zilianikwa juu ya moshi huo.

Mdogo wangu alikuwa wa kupakia na kupakua. Alivaa mabuti ya mpira na koti zito ambalo nadhani halikuwahi kufuliwa tangu lishonwe. Alipokuja kunisalimia Magomeni nilimwambia aliache nje, kwenye kamba.

"Dada, unanitenga."

"Sikutengi wewe. Natenga koti."

"Mimi mbona sisikii kitu?"

Hilo ndilo lililonikera zaidi. Kweli hakusikia. Pua yake ilikuwa imekwisha kuzoea vibua na kuku, akawa anakula maandazi akiwa amekaa juu ya gunia linalotoka maji mekundu, na akicheka. Lakini alikuwa anajitegemea. Alikuwa amepanga chumba chake mwenyewe, chenye godoro na feni, na aliniambia kwa adabu lakini bila kunitazama usoni kwamba amechoka kula kwangu. Nilimwelewa. Mtoto aliyelelewa na dada yake huwa na siku anayotaka kula cha kwake hata kama kinanuka.

Ni yeye aliyenitafutia kazi pale. Mashine zilikuwa za ishirini na mbili, za zamani, na zilivuja kila mahali. Mafundi waliotangulia walikuwa na tabia ile ile ya mjini kwetu: gesi ikipungua, ongezea. Hakuna aliyetafuta tundu. Ishirini na mbili yenyewe sasa inaondolewa sokoni, kwa sababu ikipanda juu inakula kile kinachotukinga na jua, na iliyobaki imejaa ujanja. Unanunua mtungi uliopakwa rangi mpya, ndani kuna mchanganyiko ambao hata aliyeuchanganya haujui. Tunauita supu. Mashine za mama yule zilikuwa zimekunywa supu kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Mama," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye fundi? Kaka yako alisema fundi, hakusema mwanamke."

"Ni mdogo wangu, Mama."

"Haya. Mimi nataka kitu kimoja. Nichagulie gesi ambayo sitaisikia tena mpaka nizeeke."

Nilichukua kazi ya kuchagua kwa uzito wake. Nilikwenda kwenye duka moja la vifaa vya ubaridi ambako kuna dada aliyesomea mambo haya, na alinikalisha kwenye kiti akanieleza bila kunidharau, akichora nyuma ya boksi. Nilitoka pale nikijua nisichokijua nilipoingia. Amonia ni nzuri kwa viwanda vya barafu, lakini inakula shaba, na ikivuja Kariakoo mtaa mzima utakimbia ukilia machozi. Kabonidayoksaidi inataka mashine mpya kabisa, yenye mabomba ya kuhimili mgandamizo mkubwa. Gesi ya namba 404 inagandisha vizuri, ila kwa joto la Dar ingeyalemea mabomba yale mazee, na yenyewe pia dunia imeanza kuikataa, kwa hiyo baada ya miaka michache tungerudi kutafuta tena. Kuna michanganyiko inayokubali kukaa na mafuta ya zamani, ya kuwafariji wavivu, lakini inapunguza nguvu, na mashine za Mama nguvu hazikuwa nazo. Iliyobaki ni 407, siyo ile ya viyoyozi, bali ndugu yake wa kugandishia. Hiyo haiwaki moto. Inataka mafuta mapya ya kompresa, oringi mpya, zile pete za mpira, kwenye kila ungio, na iingizwe ikiwa kimiminika ili mchanganyiko wake usiachane njiani.

Na kuna zile zinazowaka. Dada wa dukani hakuzisema vibaya. Kwenye friji ndogo la soda, alisema, lililotengenezwa kwa ajili yake, lenye gesi ya kujaza kikombe, ni gesi safi kuliko zote na inagandisha kuliko ishirini na mbili. Kisha akanitazama. "Lakini mashine yako inabeba mitungi mingapi?"

Nilikuwa naona lile jiko la mkaa la chipsi.

Nilirudi kwa Mama nikamweleza. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye kusimamisha mashine.

"Kusimamisha?"

"Mama, tutamwaga mafuta ya zamani, tubadilishe oringi zote, tunyonye hewa yote, ndipo tuweke. Vyumba vitabaki vitupu. Mzigo uhamie kwa mtu kwa muda."

"Sikukuu iko mlangoni, mwanangu. Kuku wangu nikawalaze kwa nani?"

Kesho yake, pale dukani kwa Mama, nilimkuta fundi mwingine amekaa kwenye kiti nilichokalia jana. Namfahamu, gereji yake iko hatua chache kutoka nilipojifunzia. Ni mtu wa maneno, hodari wa kuchekesha, na si fundi mbaya akiwa hana haraka. Alikuwa na mtungi mweupe miguuni. Karatasi yake ilikuwa imekwanguliwa kwa kucha, na pembeni kulikuwa kumebaki kipande cha pembetatu nyekundu, alama ya kitu kinachowaka.

"Sista, mambo?"

"Poa. Hiyo nini?"

"Hii ndiyo mwarobaini. Haisimamishi mashine, haibadilishi mafuta, haidai oringi. Inaingia juu kwa juu, mwenyewe anaendelea kuuza."

"Inawaka hiyo."

"Hata mafuta ya taa yanawaka," Mama alisema kutoka kwenye kaunta, "na tumeyakalia miaka yote."

Fundi alicheka. "Sista anaogopa moto, na jikoni anaingia kila siku. Kwako hupikii gesi?"

"Napikia. Siifungii chumbani nikalala nayo."

"Basi usilale kwa Mama."

Wakacheka wote, na mdogo wangu, aliyekuwa amebeba boksi la vipapatio begani, alicheka nao. Sikumlaumu. Alikuwa anacheka na watu wanaompa kazi. Nilimwambia Mama, mbele yao, kwamba sitaigusa mashine ile na kwamba mtu akifa humo asiseme hakuambiwa. Aliniambia ninaleta mikosi dukani asubuhi. Nikafunga boksi langu la spana.

Nilimfuata mdogo wangu kwenye ujia.

"Toka hapa. Njoo tufanye kazi mimi na wewe."

"Nikushikie tochi?"

"Ndiyo. Mimi nilianza na tochi."

"Dada, wewe ulinilea. Sasa niache nijilee." Alishusha boksi, maji mekundu yakamdondokea kwenye buti. "Kila kitu kwako ni hatari. Nikiwa mdogo hukutaka nipande hata kwenye ukuta."

"Ulianguka kwenye ule ukuta."

"Na sikufa."

Sikuwa na namna ya kumbeba mgongoni tena. Lakini sikuweza pia kuacha. Tangu hapo kila asubuhi, kabla sijaenda Gerezani, nilipitia pale na kumwamkia Mama, ambaye aliitika marahaba akitazama pembeni. Nilijifanya nanunua shingo za kuku. Nilizinunua kweli, nikazipa paka wa jirani, kwa sababu mimi nisingeweka mdomoni kitu kilichotoka kwenye vyumba vile. Nilikwenda nyuma nikamwona mdogo wangu yuko hai, nikaondoka. Nilimwomba mambo mawili tu: afungue mlango wa chumba muda kidogo kabla ya kuingia, na asiruhusu mtu yeyote kuvuta sigara kwenye ujia. Alinijibu "sawa, dada" kwa sauti ile ya mtu anayemjibu mgonjwa.

Mashine ziligandisha vizuri. Lazima niseme hivyo. Ziligandisha kuliko zamani, na Mama alihakikisha nimesikia.

"Umeona, mwanangu? Barafu mpaka mlangoni."

"Nimeona, Mama."

Siku chache kabla ya sikukuu nilifika nikakuta maji kwenye ujia. Hayakuwa mengi, yalikuwa mepesi, ya waridi, yakitoka chini ya mlango wa chumba cha katikati. Mashine ilinguruma kama kawaida lakini bomba lake lilikuwa kavu, bila umande, kwa hiyo haikuwa na kitu cha kuzungusha. Gesi ilikuwa imekwenda mahali. Dada wa chipsi alikuwa anapepea mkaa wake.

"Fundi yumo ndani," aliniambia. "Na kaka yako."

Nilifungua mlango. Walikuwa wameufunga nyuma yao ili ubaridi uliobaki usitoke. Harufu ilinipiga kwanza, kuku walioanza kulegea, vibua, maboksi yaliyolowa, hewa nzito ya joto kidogo, kama mdomo wa mtu anayeumwa. Na chini ya hiyo, chini kabisa, kulikuwa na harufu nyingine ambayo kila mwanamke wa mjini anaijua, ile inayokufanya uinuke kitandani kwenda kuangalia kama jiko limefungwa. Mtungi mweupe ulikuwa umejazwa gesi ya kupikia.

Fundi alikuwa juu ya ngazi, chini ya feni, shingo ameipinda kutazama maungio. Mdogo wangu alishika ngazi. Walikuwa wanazungumza mambo ya mpira. Gesi hiyo ni nzito, haipandi. Inalala sakafuni kama maji, na mabuti ya mdogo wangu yalikuwa ndani yake. Wote wawili hawakuisikia. Pua zao zilikuwa zimejaa samaki.

Fundi aliingiza mkono mfukoni akatoa kiberiti chake cha gesi.

Nimefikiria sana kuhusu mkono ule. Ni yeye mwenyewe aliyeweka gesi inayowaka, alijua inawaka, alikuwa ametania juu ya kuwaka kwake. Lakini mkono ulikuwa umefundishwa kwamba gesi inatafutwa kwa kiberiti, na mkono ulikuwa umetangulia kichwa. Mtu yeyote wa Gerezani angefanya vile. Angekuwa anasubiri rangi ya kijani.

Sikupiga kelele. Niliogopa kwamba akishtuka kidole kitabonyeza.

"Fundi," nilisema, "Mama anakuita nje. Ameshika hela yako."

"Subiri nione hapa kwanza."

"Amesema ukichelewa anampa mwenye nyumba, amefuata kodi."

Alishuka ngazi haraka kuliko alivyopanda. Kiberiti kilikuwa bado mkononi. Nilitembea nyuma yake mpaka kwenye ujia, mdogo wangu nyuma yangu, na nilipofika kwenye jiko la chipsi nilichukua ndoo ya maji ya dada yule nikamwagia mkaa wake. Mvuke ulipanda, akaanza kunitukana. Nilimwambia fundi, "Sasa nipe hicho kiberiti."

"Hela iko wapi?"

"Nusa koti la huyu kijana. Chini, kwenye pindo."

Aliinama, akanusa. Nilimwona anaelewa. Alitazama kiberiti, akatazama mlango wa chumba, midomo ikawa ya kijivu. Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo kikinijia natema mate. Alicheka. Alinipiga begani akasema, "Sista, leo tungeiva kabla ya kuku," na alitazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa ameketi chini kwenye maji ya waridi, mikono juu ya magoti.

Nilikwenda mbele nikazima umeme kwenye meni swichi ya barabarani, mbali na vyumba, nikawaambia watu wa ghorofani watoke. Tulifungua milango yote bila kugusa swichi hata moja na kuiacha wazi mpaka mchana. Jua la Kariakoo liliingia kwenye vyumba ambavyo havikuwahi kuliona, na kila kilichokuwa kimenyamazishwa na baridi kikaanza kusema. Nzi walikuja kama walioalikwa. Wapita njia walifunika pua kwa kanga na kuharakisha. Watu waliokuwa wakinunua pale kwa jumla kila wiki walisimama ng'ambo ya barabara wakatazama kuku wao wanatoka wapi.

Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kaunta. Nilimletea maji akanywa. Alimshika mdogo wangu mkono akasema, "Mungu ni mwema, mwanangu." Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Na hawa kuku, wakirudi kwenye baridi leo jioni, si wanafaa?"

"Hawafai, Mama."

"Wakioshwa kwa ndimu?"

Nilichukua kikombe chake kitupu nikaenda kukiosha, kwa sababu kama ningejibu ningemkosea adabu.

Safari hii alisimamisha mashine. Nilipandisha mpira mrefu mpaka juu ya paa, mbali na moto na watu, nikatoa ile supu yote taratibu. Hiyo nayo ilinichukiza. Humo ndani ilikuwemo ishirini na mbili ambayo haikupasa kwenda angani, lakini ilikuwa imechanganywa na gesi ya jiko, na hakuna mwenye mashine ya kukusanyia gesi ambaye angeipokea. Nilisimama upande wa upepo nikasikia inavyopuliza, nikijua ninachokifanya. Kisha nikapitisha naitrojeni kwenye mabomba, nikamwaga mafuta ya kompresa, meusi, yenye vipande. Nilibadilisha oringi, za zamani zilitoka zimevimba na kulegea kama nyama iliyochemka mno. Nikanyonya hewa kwa pampu, nikapima, nikaacha, nikapima tena. Nikaingiza 407 ya kugandishia, ikiwa kimiminika, kwa mizani. Juu ya mashine niliandika kwa rangi, kwa herufi za kuonekana kutoka mlangoni, ni gesi gani imo na kwamba isichanganywe na nyingine yoyote.

Kutafuta mivujo tulitumia povu la sabuni. Mdogo wangu ndiye aliyepaka. Hakuna aliyemwambia, aliniona naanza, akachukua sponji mkononi mwangu. Alipitia kila ungio, akasubiri, akatazama kama povu linapanda, akaenda kwenye jingine. Vyumba vilikuwa vitupu, vimeoshwa kwa dawa mpaka kwenye pembe, na ujia ulinuka klorini.

"Ndiyo unavyofanya siku zote?" aliuliza.

"Siku zote."

"Inachukua muda."

"Inachukua."

Nilikuwa tayari kumwambia tena aondoke pale, na nilikuwa najua atanijibu nini. Sikumwambia. Mashine zilikuwa salama sasa, na mtu mzima ana haki ya kuchagua kazi yake. Tuliwasha. Bomba likaanza kutoa umande, kisha ukungu mweupe, na joto la vyumba likashuka bila kelele.

Jioni hiyo mzigo ulirudishwa. Mama alikuwa ameuhamishia kwenye stoo ya jamaa yake, na sijui ulilala vipi huko, ila najua ulivyorudi. Kuku walikuwa wameoshwa kwa ndimu na kufungwa upya kwenye mifuko mipya, safi, inayong'aa. Kwa macho walipendeza. Mama alisimama mlangoni akihimiza. Wenye vibanda vya chipsi walikuwa wanasubiri sikukuu, na wao hawakuwapo ile siku ya nzi.

Mdogo wangu alibeba boksi la kwanza mpaka kwenye mlango wa chumba. Akasimama. Alishusha boksi, akafungua mfuko mmoja, akauinamia. Nilikuwa nakusanya spana zangu na nilimwona mgongo tu. Aliinuka, akageuka upande, akatapika kwenye mfereji wa ujia, kwa muda mrefu, mkono mmoja ukutani.

"Unaumwa?" Mama alimuuliza.

"Hapana, Mama. Hawa wameoza."

"Wameoza wapi? Si umeona wameoshwa?"

"Nawasikia."

Mama aliniangalia mimi, kana kwamba ni mimi niliyemtia maneno mdomoni. Siku zile chache za milango wazi na klorini zilikuwa zimemrudishia pua yake.

"Mwanangu, watu wanasubiri mzigo."

"Naomba radhi, Mama. Sitabeba."

Alivua koti akaliweka juu ya boksi. Alivua na mabuti, akayasimamisha vizuri kando ya ukuta, kisha akabaki pekupeku kwenye sakafu yenye unyevu. Mama aliita kijana mwingine aje kubeba, na kijana alikuja, na alibeba. Mashine yangu, iliyochaguliwa vizuri, iliyokazwa vizuri, iliwapokea kuku wale na kuanza kuwanyamazisha. Hilo sikuwa nimelifikiria nilipokuwa nachagua gesi.

Tulitoka kwa kupitia dukani. Dada wa chipsi alikuwa amewasha mkaa mwingine, na alipotuona aliivuta ndoo yake karibu. Mtaani nilimnunulia mdogo wangu kandambili kwa mmachinga wa kwanza tuliyemkuta, na alizivaa bila kubishana juu ya rangi. Tulielekea Magomeni kwa miguu. Chumba chake kilikuwa bado chake mpaka mwisho wa mwezi, lakini alikuja kwangu.

Mlangoni alisimama, akavuta shati lake mbele ya pua, akakunja uso.

"Dada, siku zote nilikuwa nanuka hivi?"

"Siku zote."

Alilivua, akalitundika nje kwenye kamba, mahali pale pale nilipokuwa namwambia aache koti, akaingia kuomba maji ya kuoga.